Kalafati ya Makala

Rasimu ina kurasa ishirini na kitu. Data imekusanywa, vibali vilikwishapatikana, kuanzia kile cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) hadi barua ya katibu tawala wa wilaya, na hoja imekaa mahali pake. Mwenye haraka angeituma jioni hiyohiyo. Fundi ninayemfikiria anaiacha wiki mbili bila kuigusa, halafu anairudia akiwa na kalamu nyekundu mkononi na mwongozo wa jarida pembeni.

Nimekaa karibu na mafundi wa namna hii, watu wa isimu ya Kiswahili wanaoandikia majarida ya vyuo vikuu. Kila nikiwatazama navutiwa na jambo moja: karibu kila wanachokifanya katika siku hizo za mwisho kinamrahisishia mtu wasiyemjua kazi ya kuwakagua.

Chukua sentensi fupi kama "Watoto wanasoma." Mtoto wa darasa la kwanza anaielewa. Kwenye makala ya mofolojia sentensi hiyo inafumuliwa: wa-toto wa-na-som-a. Chini ya kila kipande inaandikwa kazi yake. Hapo ndipo unagundua kwamba wa- ya kwanza na wa- ya pili, zinazofanana kwa sauti na kwa herufi, hazifanyi kazi moja. Ya kwanza ni kiambishi cha ngeli kwenye nomino, ya pili ni ya upatanisho kwenye kitenzi. Kiambishi -na- kinabeba njeo, -som- ndiyo mzizi, -a ni irabu ya kumalizia. Mwandishi asipozitofautisha kwenye mstari wa pili, hoja nzima ya upatanisho aliyoijenga kurasa tano mbele inakosa pa kusimama.

Halafu kuna swali la kuzitaja ngeli. Shuleni tulifundishwa M-/WA-, KI-/VI-. Wanaisimu wa lugha za Kibantu hutumia namba: 1 na 2 kwa mtu na watu, 7 na 8 kwa kitu na vitu. Namba zina faida kubwa, kwa sababu mtafiti wa Kizulu au wa Kiganda akiona 2 anajua mara moja anatazama nini, hata kama Kiswahili hakijui. Majina ya M-/WA- nayo yana wasomaji wake, hasa walimu. Fundi huchagua njia moja, akaieleza kwenye tanbihi ya mwanzo, na hahamihami. Mifano yenyewe huipanga kwenye jedwali lisilo na mistari. Anayeipanga kwa kubonyeza nafasi tupu atakuta, siku mhariri anapobadilisha fonti, -som- imehamia juu ya njeo.

Hapo nimetumia muda mrefu, lakini napenda sana usafi wa mifano iliyopangwa vizuri. Unaweza kuisoma kwa kidole.

Marejeleo ni kalafati. Mafundi wa majahazi hushindilia pamba kati ya mbao, na chombo kikishaingia majini hakuna anayeitazama tena, ila upenyo mmoja tu uliosahauliwa utaleta maji ndani. Kila jina lililotajwa ndani ya makala lazima lionekane mwishoni, na kila lililoko mwishoni liwe limetajwa ndani. Fundi hukagua kwa kwenda na kurudi, akiweka alama kwa mkono. Programu za kupanga marejeleo zinasaidia, lakini hazimjui Shaaban Robert. Zinamweka kwenye herufi R, kama vile Robert lilikuwa jina la ukoo la Kizungu, ilhali kila msomaji wa Kiswahili anayemtafuta anaanza na Shaaban. Majarida mengine hukubali aorodheshwe kwa R, mengine kwa S. Lisilokubalika ni kumkuta kwa R ukurasa mmoja na kwa S ukurasa unaofuata, kana kwamba walikuwa watu wawili.

Ugumu unazidi pale taasisi yenyewe inapobadilisha jina. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina mizizi katika taarifa za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930. Baadaye liliitwa Swahili, na mwaka 1970 likawa Kiswahili. Taasisi inayolichapisha ilikuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mwaka 1964, kisha TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), na tangu 2009 ni TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni ya TUKI. Anayeiandika kuwa ya TATAKI anamtuma msomaji kwenye rafu ambayo haikuwapo. Tena si toleo moja na lile la 2004, na maana ya neno analolijadili inaweza kuwa imeguswa kati ya matoleo hayo mawili. Kwa hiyo fundi hunyanyuka, akaenda maktaba, akafungua nakala aliyoitumia, akasoma ukurasa wa hakimiliki. Ni nusu saa kwa mstari mmoja.

Ikisiri huandikwa mwisho ingawa husomwa kwanza. Majarida mengi huitaka kwa Kiswahili na Kiingereza, na hizo ni ikisiri mbili, kila moja ifikiriwe kwa lugha yake.

Kisha jina la mwandishi linafichwa. Watathmini wasijue wanamsoma nani, naye asijue nani anamsoma. Kufuta jina kwenye ukurasa wa kwanza ni rahisi. Pagumu ni pale ulipoandika "kama nilivyoonyesha katika makala yangu ya awali", kwa sababu sentensi hiyo inakutaja hata bila jina. Inageuzwa iwe ya mtu wa tatu. Sifa za faili nazo hufutwa, maana kompyuta hukumbuka mwenye nayo. Uwanja wetu ni mdogo, na mara nyingi mtathmini atakisia kutokana na mifano tu kwamba mwandishi ni mtu wa Pemba au wa Lubumbashi. Hata hivyo heshima ya kufichana ina maana, kwani humpa mwanafunzi wa uzamili usomaji uleule anaopewa profesa.

Makala inatumwa, miezi inapita. Majibu yanakuja: masahihisho makubwa. Barua ya kujibu watathmini naiona kuwa kilele cha ufundi huu, ingawa haichapishwi popote na watakaoisoma hawazidi watu watatu au wanne. Kila maoni yananukuliwa kwa ukamilifu, yanapewa namba, na chini yake linakuja jibu pamoja na ukurasa na aya ilipobadilishwa. Mtathmini wa pili amesema data ya vijiji viwili haitoshi kuzungumzia lahaja nzima. Inauma, na ni kweli. Mwandishi bora niliyemwona akijibu jambo kama hilo hakujitetea. Alibadilisha kichwa cha makala, akavitaja vijiji badala ya lahaja, akapunguza dai lake kwenye hitimisho, kisha akaandika: "Mtathmini yuko sahihi. Tazama uk. 1, 4 na 19." Kwenye maoni ya tatu alikataa kwa adabu, akaongeza mifano miwili kuonyesha sababu.

Sasa prufu zimefika, na mhariri anazitaka ndani ya siku tatu. Fundi anazichapa kwenye karatasi. Anaanza ukurasa wa mwisho kurudi nyuma, ili mtiririko wa hoja usimdanganye jicho, na anapofika kwenye mfano wa kwanza anaweka rula chini ya mstari na kuhesabu vipande vya kitenzi: wa, na, som, a.