Khukuri: kukijua kilichofuliwa na kilichopambwa

Muuzaji wa khukuri akianza kwa kukuonyesha mpini wenye nakshi za shaba na kichwa cha simba, mrudishie. Ubora wa kisu hiki cha askari wa Kigurkha umejificha kwenye chuma, na chuma hakisemi mpaka ukiulize.

Waingereza wa Kampuni ya Mashariki ya India walikutana nacho walipopigana na Nepali kati ya 1814 na 1816. Kabla vita hivyo havijaisha, walikuwa tayari wameanza kuwaandikisha wenye visu. Huku kwetu kilifika Novemba 1914, pale Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga: miongoni mwa askari waliotoka India walikuwamo Magurkha wa Kashmir Rifles. Hadi leo Mgurkha wa jeshi la Uingereza hukabidhiwa khukuri mbili, moja ya gwaride na moja ya kazi. Hapa nazungumzia ya kazi.

Mgurkha anaipendea nini? Bapa lake limepinda kuelekea chini na uzito umepelekwa mbele, kwenye tumbo, si karibu na mkono. Ukiishusha, kisu chenyewe ndicho kinachofanya kazi, nawe unakiongoza tu. Kwa bapa la sentimita 26 au 27 unapata pigo la shoka dogo. Askari hukata matawi, huchanja kuni, huchinja mbuzi na kumenya viazi kwa kisu hicho hicho. Wale wanaosema kwamba khukuri ikichomolewa lazima ionje damu ndipo irudi alani hawajafikiria hivyo viazi. Hata hivyo, kwa kufyeka majani marefu panga letu bado linaishinda. Askari wa KAR (King's African Rifles) waliokata njia kwenye misitu ya Burma mwaka 1944, katika jeshi lile lile walimokuwamo Magurkha, hawakuwa na sababu ya kubadilishana.

Sasa ishike mkononi. Utazame kwanza mgongo wa bapa. Khukuri ya kazi ina mgongo mnene, milimita 8 hadi 10 karibu na mpini, kisha unapungua polepole kuelekea nchani. Ukiona unene ni ule ule kuanzia shinani hadi nchani, ujue bapa limekatwa kwenye bamba kwa mashine na nyundo haikuhusika. Kilichofuliwa huwa na vijibonde hafifu vya nyundo ambavyo msasa haukuvimaliza. Mimi vijibonde hivyo navipenda kuliko mng'aro wa kioo. Chuma chenyewe mara nyingi ni springi za malori, feleji ile ile ambayo wahunzi wetu wa jua kali huigeuza kuwa panga na patasi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba springi ni chuma cha kimaskini.

Jambo kubwa kuliko yote ni namna kilivyotiwa maji. Mhunzi wa Nepali, wa jamii ya Kami, halitumbukizi bapa lote. Hulipasha mpaka liwe jekundu, halafu huchukua birika na kumwagilia maji ukingoni tu, akienda na kurudi huku akisoma rangi ya chuma. Makali yanakuwa magumu na mgongo unabaki laini. Ugumu mtupu huvunjika, ulaini mtupu hupinda. Mapigo mazito yanahitaji vyote viwili katika kipande kimoja. Kulijaribu hili chukua tupa ndogo. Kwenye tumbo la makali iteleze kana kwamba inapita juu ya kioo. Kwenye mgongo iume. Ikiuma kotekote, hicho ni pambo la ukutani. Ikiteleza kotekote ni hatari zaidi, maana siku utakapopiga kigogo kibichi au mfupa, kipande kinaweza kuruka. Muuzaji anayekataza tupa amekwisha kukujibu.

Baada ya hapo nenda kwenye msuka, ule ulimi wa chuma unaoingia mpinini. Kuna khukuri ambazo msuka wake ni mwembamba, umezamishwa ndani na kushikwa kwa gundi ya utomvu. Nyingine msuka wake ni mpana, unaonekana kingoni mwa mpini kote na umefungwa kwa ribiti. Kwa kazi ngumu mimi huchagua wa ribiti. Ule wa gundi ni mwepesi na una heshima yake ya kale, ila uutikise karibu na sikio. Mlio wowote wa kugongana ni dosari. Mpini wa pembe ya nyati hung'aa vizuri lakini hupasuka penye ukavu. Wa mti wa sisamu, ndugu wa mpingo wetu, huvumilia.

Karibu na mpini, upande wa makali, kuna pengo dogo. Hadithi zake ni nyingi: kwato za ng'ombe, silaha ya mungu Shiva, mahali pa kuzuia damu isifike mkononi. Wewe angalia tu kama kingo zake ni laini. Pengo lililochongwa kwa pupa huacha ufa mwembamba, na ufa hukua.

Ala nzuri ni ya mbao iliyovikwa ngozi, na nyuma yake hukaa visu viwili vidogo: karda yenye makali, na chakmak butu ya kunyooshea makali na kupigia cheche. Ukipiga chakmak kwenye jiwe la gumegume na cheche zisitoke, hivyo vidogo ni vya kujazia nafasi. Kikubwa kiingie bila kulazimishwa, na ukipindua ala kisidondoke. Unapokichomoa, shika ala upande wa mgongo, vidole visizunguke upande wa makali, kwa sababu khukuri iliyonolewa sawasawa huweza kupasua mbao na ngozi ya ala na kufika kwenye kiganja kabla hujajua imetoka.