Jumatatu ya mwalimu wa kwaya

Mwalimu wa kwaya anayeijua kazi yake haanzi Jumamosi jioni kwenye mazoezi. Huanza Jumatatu, na kitabu cha masomo na kalamu ya risasi, kabla hajagusa kinanda. Kwa kila kwaya ya Kampala inayonisisimua, nimegundua kuna mtu wa namna hiyo nyuma yake, na aghalabu hakuna anayemtaja.

Watu husema nyimbo zinazofaa huja kwa kuvuviwa. Sibishi. Ila Roho, kwa ninavyoona, humpenda aliyekwisha kuisoma Injili ya Jumapili ijayo. Johann Sebastian Bach alipohamia Leipzig mwaka 1723, miaka ya mwanzo alitunga kantata mpya karibu kila wiki, na mara nyingi alianzia kwenye Injili ya siku yenyewe. Angengoja moyo umtume, Jumapili ingemkuta mikono mitupu.

Chukua Jumapili ya nne ya Kwaresima, mwaka C. Injili ni ya mwana mpotevu. Mvivu atakimbilia nyimbo za toba, azipange kuanzia kuingia hadi kutoka, na waumini watarudi majumbani wameinamisha vichwa. Msomaji makini anaendelea hadi mstari wa 25 wa sura ile ya 15 ya Luka. Kaka mkubwa anatoka shambani, na kabla hajafika mlangoni anasikia muziki na watu wakicheza. Injili yenyewe imekwisha kuchagua wimbo! Liturujia nayo inakubali: hiyo ni Jumapili ya furaha katikati ya mfungo, padre anaruhusiwa kuvaa rangi ya waridi, na vyombo, ambavyo siku nyingine za Kwaresima husindikiza sauti tu, hupewa nafasi. Aleluya na Utukufu bado haviimbwi. Basi toba iwekwe mwanzoni, kijana akiwa bado mbali na kwao. Na shukrani baada ya komunyo iende kwa mwendo wa baakisimba, ngoma ya Kiganda, muziki ukilia kama ulivyolia nyumbani kwa baba wa yule kijana. Misa nzima imekuwa safari moja ya kurudi. Ufundi ndio huo, na hauhitaji wimbo hata mmoja mpya.

Kampala ina sababu ya kuuheshimu ufundi huu. Wamisionari walileta tenzi za Ulaya wakazivisha maneno ya Kiganda, lugha ambayo sauti kupanda au kushuka yaweza kubadili maana. Tuni ikikubaliana na ubeti wa kwanza, wa pili unapindwa. Mtunzi Joseph Kyagambiddwa aliligeuza jambo hilo: neno litangulie, tuni ifuate. Alikwisha kuchapisha kitabu juu ya muziki wa Buganda mwaka 1955, nyimbo za amadinda zikiwamo, marimba ambayo wapigaji hukaa wakitazamana, kila mmoja akijaza nafasi alizoacha mwenzake. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, Roma, Oktoba 18, 1964, Kyagambiddwa alikuwa amewatungia oratorio ya Kiganda.

Si kila mwalimu ni mtunzi, wala si lazima. Lakini yeyote anaweza kuyasoma maneno ya wimbo kwa sauti, bila tuni, aone kama yangesimama peke yake mbele ya watu. Nyimbo nyingi tunazozipenda zitaanguka hapo, na ziache zianguke.

Kwa mapadre wa Rubaga na wachungaji wa Namirembe, na kwa wenzao wote, nina ombi moja tu: mpeni mwalimu wa kwaya wazo la mahubiri yenu Jumatatu, si sakristiani, Jumapili, saa mbili kasorobo.