Giza la Maneno na Kazi ya Mfafanuzi

Wahenga walisema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Kwa sababu ya methali hii wasomaji wengi huogopa kukiri kwamba hawakuelewa, wasije wakaitwa wajinga, na waandishi wengine huitumia hofu hiyo. Jambo hili si geni. Lilijadiliwa na wataalamu wa Kilatini katika karne ya 4 na ya 5, wakati ambapo kazi kubwa ya msomi ilikuwa kufafanua vitabu vya waliomtangulia.

Augustine, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alianza karibu na mwaka 396 kuandika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo. Humo adai kwamba giza lililomo katika Maandiko Matakatifu liliwekwa na Mungu makusudi, ili jasho la kutafuta likivunje kiburi cha mtu na kuikinga akili isikinai. Maana kipatikanacho bila taabu hudharauliwa. Atoa mfano wa Wimbo Ulio Bora, ambamo meno ya mpenzi yafananishwa na kondoo waliokatwa manyoya, watokao kuoshwa. Kwake meno hayo ni watakatifu, wanaowang'ata watu na kuwatenga na makosa yao. Akiri kwamba fundisho hilo likisemwa waziwazi halimpendezi kiasi hicho, wala si rahisi kwake kueleza kwa nini.

Unyofu huo wapendeza, lakini hoja yenyewe yataka kupimwa. Ikiwa utamu umo katika kutafuta, asiyepata je? Taabu isiyo na mavuno haivunji kiburi, huvunja moyo. Augustine mwenyewe aliliona hilo, kwani asema kwamba karibu yote yaliyofichwa mahali pamoja hupatikana wazi mahali pengine. Tena katika sehemu ya nne, aliyoiandika miaka 30 hivi baadaye, awaonya wafafanuzi wasiige giza la maandiko wanayoyaeleza, bali waseme ili waeleweke.

Jerome, akijitetea mbele ya Rufinus mwaka 401, alisema kuwa kazi ya mfafanuzi ni kuyaweka wazi yaliyoandikwa kwa giza, na kuorodhesha maoni ya wengi, ili msomaji achague kama mvunja fedha stadi aikataavyo sarafu mbovu. Maneno mema! Lakini katika ufafanuzi wake wa Waraka kwa Waefeso aliingiza maoni ya Origen mara nyingine bila kumtaja, na hilo ndilo Rufinus alilomshtakia. Mvunja fedha atapimaje sarafu iliyofutwa chapa?

Basi, tusichanganye giza la aina mbili. Fumbo la mtunzi laweza kuwa mlango, nasi twaombwa kubisha. Giza la mfafanuzi ni mlango uliofungwa na yule aliyepewa ufunguo. Nasi walimu, tunaposimama mbele ya darasa na kitabu cha mwingine mkononi, sote tu wafafanuzi.