Kuwasha si Kuzindua: Tahakiki ya Istilahi za Vighala vya Data

Istilahi haipimwi mezani peke yake. Hupimwa pale mtu asiyehudhuria kikao cha kuiunda anapoisoma, akatenda kama alivyoielewa, na kitendo chake kikaleta matokeo. Katika makala haya tunakusudia kuzitahakiki baadhi ya istilahi za kompyuta kwa kipimo hicho, tukitumia karatasi moja ya maelekezo tuliyoonyeshwa na mwalimu wa shule ya sekondari iliyoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Hatuitaji shule hiyo wala aliyeifasiri karatasi, maana nia yetu si kumlaumu mtu. Makosa tutakayoyaonyesha ni yetu sote tunaoshughulika na lugha.

Shule ilikuwa imepewa kijisanduku kilichokwisha kutumika, aina ya NSLU2 ya kampuni ya Linksys. Kifaa hicho kilianza kuuzwa mwaka 2004, na kiliundwa kwa kazi moja tu: kuchomekwa diski moja au mbili za nje, na kuziwezesha kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa waya kuzisoma na kuziandikia diski hizo. Hakina kioo wala kibodi. Kina taa chache, tundu moja la waya wa mtandao na matundu mawili ya USB. Kumbukumbu yake ya kazi ni megabaiti 32, na kumbukumbu yake ya kudumu ni megabaiti 8. Kwa kipimo cha simu za leo hicho ni kidogo mno. Lakini mafundi waligundua mapema kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Ufini mwaka 1991, na kwamba mfumo wa kiwandani ungeweza kuondolewa ukawekwa mwingine mpana zaidi, kama vile Debian. Hapo kijisanduku kikawa seva kamili. Chaweza kutunza alama za wanafunzi, kuligawia darasa zima kurasa za masomo, na kupokea nakala za akiba kila usiku, kwa umeme kidogo sana. Kwa shule yenye fedha haba, hilo si jambo dogo.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na hatua kumi na mbili. Hatua ya saba ilisema: "Safisha diski, kisha anzisha upya." Mwalimu alielewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa. Kusafisha ni kuondoa uchafu na kubakiza kitu chenyewe: asafishaye nyumba haitupi samani nje, na asafishaye kahawa hazimwagi buni pamoja na makapi. Kwa kuwa alijua kwamba diski ile ilikuwa na mafaili mengi yasiyo na kazi, aliona ni shauri jema. Alijibu "ndiyo" palipoulizwa, na kwa jibu hilo diski nzima ikagawanywa upya na kufutwa. Alama za mihula mitatu zilipotea. Madaftari ya karatasi yalikuwepo, na walimu wanne wakakaa wiki mbili wakinakili tena. Lakini alama za majaribio madogo, ambazo hazikuwa zimeandikwa penginepo, hazikupatikana kamwe.

Tuanze basi na neno hilo. Mfasiri hakukosa neno la Kiswahili. Alikosa ujasiri wa kutumia lile lililo wazi. Tunalo "futa", na kila mwanafunzi aliyekaa mbele ya ubao analijua. Kama hatua ile ingesema "Hatua hii itafuta kila kitu kilichomo katika diski", mwalimu yule angesimama. Wapo wanaopendekeza "kuumbiza", neno ambalo limekwisha kutumika kwa maana ya kuyapa maandishi sura. Hatulikatai huko liliko, ila kwa diski tunaliona pungufu, kwani msomaji anayesoma "umbiza" husikia habari ya kuumba, naye hapati hata dokezo kwamba kuna kitu kitakachoangamia. Istilahi ya tendo la hatari haina budi kuionyesha hatari yake. Kwa hiyo tunapendekeza maneno mawili yanayofuatana: kugawa diski, na kufuta diski. "Safisha" liachiwe kazi ya kuondoa virusi na mafaili yasiyohitajika.

Neno la pili, "anzisha upya", lilitumika katika karatasi hiyo kwa mambo matatu. Hatua ya pili ilikuwa na maana ya kuzima kifaa na kukiwasha tena. Hatua ya nne ilikuwa na maana ya kubonyeza kwa ncha ya kalamu kile kitufe kidogo cha nyuma wakati wa kuwasha, ili kifaa kiingie katika hali ya kupokea programu mpya. Hatua ya saba ilikuwa na maana ya kukiacha kifaa kiondoke katika programu ya usakinishaji na kuingia katika mfumo mpya. Lugha inayotumia neno moja kwa vitendo vitatu humlazimisha msomaji kubahatisha.

Mafundi wa mjini Moshi wameliepa tatizo hilo kwa kusema "kubuti". Husema, "Inawaka lakini haibuti", na wao kwa wao huelewana. Ugumu ni kwamba katika mji ambao wapagazi na waongozaji wa watalii huishi kwa viatu vya kupandia mlima, buti ni buti. Na kwa dereva, buti ni sehemu ya nyuma ya gari ya kuwekea mizigo. Ni kweli kwamba hata Kiingereza kililitoa neno hili kwenye kiatu, kwa mzaha wa mtu anayejiinua kutoka chini kwa kuvuta vikanda vya buti zake mwenyewe. Mzaha huo hatunao katika Kiswahili, na neno likija bila mzaha wake huja bila maana yake.

Hata hivyo mafundi wametufundisha jambo moja kubwa katika sentensi yao hiyo fupi: kuwaka ni jambo moja, na hilo lingine ni jambo jingine. Kuwaka ni umeme kuingia na taa kuonekana. Hilo lingine ni mlolongo. Katika kijisanduku tunachokizungumzia, programu ndogo iitwayo RedBoot, iliyomo katika kumbukumbu ya kudumu, hutangulia kufanya kazi. Hiyo hukipakia kiini cha Linux katika kumbukumbu ya kazi na kukikabidhi madaraka. Kiini nacho huvitambua vipande vya kifaa, huitafuta diski, kisha huziita programu nyingine zote zilizomo humo. Kila mmoja humpisha mwenziwe. Mzee mmoja tuliyemweleza habari hii alisema, "Basi ni mfongo." Alikuwa sahihi. Mfongo wa Wachagga huanzia kwenye banio huko juu mtoni, hushuka kwa mkono wa mtu mmoja baada ya mwingine, mpaka maji yafike katika kihamba cha mwisho. Ukiziba juu, mwenye kihamba cha chini halaumiwi kwa ukavu wa migomba yake. Mafundi wengi hubadilisha diski nzuri ilhali kosa liko kwenye banio.

Tuliupenda mfano huo hata tukajiuliza kama "mfongo" lisingefaa kuwa istilahi. Kanuni ya kutafuta maneno kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda ng'ambo, ni ya siku nyingi, na ndiyo iliyotupatia "ngeli" kutoka Kihaya, na "kitivo" kutoka kwa majirani wa Upare na Usambaa. Lakini maji ya mfongo hushuka tu, hayapandi. Data huenda na kurudi. Na kuzinduka kwa kifaa ni tendo, hali mfongo ni kitu. Neno hilo libaki kwa mwalimu kama mfano wa kufundishia, na huko litafanya kazi nzuri.

Baadhi ya wafasiri wamependekeza "kuamsha". Neno ni zuri, nasi tulikuwa karibu kulikubali. Kizuizi ni kwamba kompyuta za siku hizi hulala: huingia katika usingizi bila kuzimika, na baadaye huamka zikiwa na kazi zao kama zilivyoachwa. Kuamka huko si kule kuanza kutoka utupu. Tukiyachanganya tutakuwa tumerudia kosa la "anzisha upya". Kiswahili chenyewe kinatuonyesha njia. Aliyelala huamka, aliyezimia huzinduka. Kifaa kikizimwa, kimezima, hakikulala. Kwa hiyo tunapendekeza "kuzinduka" kwa kifaa, "kuzindua" kwa mtendaji, na "kizinduzi" kwa programu ndogo inayotangulia. Jozi hizi mbili, lala na amka, zima na zinduka, zina mantiki ambayo hata mtoto anaweza kuikamata bila kamusi.

Tunajua pingamizi litakalotolewa na ndugu zetu wa maofisini. Watasema kuzindua ni kazi ya mgeni rasmi. Mwezi Agosti 2022 huduma ya intaneti ya kasi ilizinduliwa katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na hakuna aliyefikiri kwamba mlima ulikuwa umezirai. Jibu letu ni kwamba maana ya sherehe ilizaliwa na maana ya kuzindua usingizini, na zimeishi pamoja bila ugomvi kwa sababu muktadha hutosha kuzitenga. Waziri huzindua huduma. Fundi huzindua seva. Wasiwasi wa haki zaidi ni ule wa kuchanganya na "kuzindika", ambalo ni kukinga kwa dawa. Hapo walimu wawe waangalifu na irabu, ingawa tumewaona mafundi ambao, baada ya kukatika umeme mara tano kwa siku, wangefurahi kuvizindika vifaa vyao pia.

Kwa kitendo cha kuingiza mfumo katika diski, neno "sakinisha" limekwisha kuenea. Tunaliunga mkono. Limetokana na "sakini", yaani kukaa mahali, na programu huja kukaa. Mitaani husemwa "kupiga Windows", na sasa tumesikia pia "kupiga Linux". Ni lugha hai, lakini haifai katika mwongozo. Linalotutia shaka zaidi ni "kufunga", ambalo karatasi yetu ililitumia katika hatua ya tisa. Fundi hufunga mtambo kwa maana ya kuuweka mahali pake ufanye kazi. Lakini mbele ya kompyuta, kufunga programu ni kuiondoa kiooni. Maana mbili zilizo kinyume haziwezi kukaa katika ukurasa mmoja.

Jina la kifaa chenyewe lilikuwa "hifadhi ya mtandao", na hapa kosa lilikaribia kuikosesha shule msaada wote. Kwa wakazi wa Moshi, Hifadhi ni Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na hilo lingeweza kuishia katika kicheko. Gumu ni "mtandao". Katika mazungumzo ya kila siku neno hili limekuwa na maana ya intaneti, na hata ya mawimbi ya simu: "hakuna mtandao." Mkuu wa shule aliposoma jina hilo alikisia kwamba kifaa kitadai kununuliwa bando kila mwezi, akataka kukirudisha. Ukweli ni kwamba kilihitaji waya wa mita chache tu kati yake na kompyuta za darasani. Tunapendekeza "mtandao wa ndani" kwa nyaya za shule au ofisi, na "intaneti" kwa ule wa dunia. Na kwa kifaa, tuseme "kighala cha data". Mkoa huu, uliojenga ushirika wake juu ya kahawa tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, unajua ghala ni nini: mahali pa kuleta, kupanga, kulinda na kutoa kwa hesabu.

Mengine tuyapitie kwa haraka. "Kiini" ni istilahi safi. "Mfumo endeshi" unafuata kanuni za uundaji wa maneno na unaeleweka. "Programu-dhibiti", ambalo hutumiwa kwa programu inayokaa ndani ya kifaa tangu kiwandani, halitenganishi, kwa kuwa mfumo endeshi nao hudhibiti; "programu ya kiwandani" ingesema wazi zaidi.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi msamiati wake haukuwa na haja ya haraka. Baadaye tulibishana juu ya "ngamizi", "tarakilishi" na "kompyuta", na wasemaji wa Tanzania wakachagua la mwisho bila kutungoja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Uswidi katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, na ikadhihirika kwamba Kiswahili kinaweza kukaa ndani ya programu yenyewe. Leseni ya Linux humruhusu mtu yeyote kuibadili na kuifasiri. Hatuna kampuni ya kuisingizia: yule mwalimu asiposoma swali la hatari kwa lugha anayoielewa, udhaifu ni wetu.

Mapendekezo yetu ni haya:

Kuwasha: kuingiza umeme katika kifaa.
Kuzindua, kuzinduka: kuanza kwa mfumo kutoka hali ya kuzimwa.
Kuzindua upya: kuzima mfumo na kuuzindua tena bila kugusa data.
Kurejesha hali ya kiwandani: kuondoa mipangilio yote ya mtumiaji.
Kuamsha: kukitoa kifaa katika usingizi.
Kizinduzi: programu inayokipakia kiini.
Kugawa diski: kuipanga diski katika sehemu.
Kufuta diski: kuondoa kila kilichomo.
Kusakinisha: kuuweka mfumo au programu ipate kutumika.
Kighala cha data: kifaa cha kutunzia data katika mtandao wa ndani.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa umma wayajaribu maneno haya mbele ya watu watakaoyatumia, kisha watuandikie. Atakayetuonyesha kwamba fundi mmoja ameyasoma na kutenda kinyume, tutalifuta neno hilo kwa shukrani.