Hadithi Iliyobaki Jaladani: Uhakiki wa S.F. Sorrow ya The Pretty Things

Miongoni mwa kazi za roki ya Uingereza zilizopuuzwa katika zama zake, S.F. Sorrow ya bendi ya The Pretty Things inastahili kuangaliwa upya. Santuri hiyo ilirekodiwa katika studio za Abbey Road, London, chini ya uongozi wa Norman Smith, ikatolewa mwezi wa Desemba 1968. Nyimbo zake 13 zinafuata maisha ya mtu mmoja, Sebastian F. Sorrow: kuzaliwa, kazi ya kiwandani, mapenzi, vita, kifo cha mchumba wake katika puto lililoungua, na hatimaye uzee wa upweke.

Wanaoitetea kazi hii hupenda kuuliza nani alitangulia. Tommy ya The Who ilitoka Mei 1969. Nako Marekani S.F. Sorrow ilichelewa hata ikatokea baada ya Tommy, ikadhaniwa kuwa mwigo. Dai la utangulizi ni la haki, lakini halitupimii thamani ya kazi. Sisi tunauliza jambo jingine: hadithi yenyewe imekaa wapi?

Tukizisikiliza nyimbo peke yake twapata hali: shauku, hofu, maombolezo. Twasikia sitari, kinanda cha Mellotron, na sauti zilizorundikwa moja juu ya nyingine. Kisa hatukipati. Viungo vyake, yaani nani amesafiri, kwa sababu gani, baada ya tukio lipi, vimeandikwa kwa nathari kwenye jalada, kati ya maneno ya wimbo mmoja na ya mwingine. Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na utenzi. Katika Utenzi wa Tambuka msimulizi hubeba kisa ndani ya beti zenyewe, hata asiyejua kusoma akakifuata kwa sikio. Wenye bendi nao walilitambua pengo hilo: walipoipiga kazi nzima Abbey Road mwaka 1998, Arthur Brown alisimama kusoma masimulizi.

Je, hii ni kasoro? Kwa upande wa usimulizi, ndiyo. Kwa upande wa ushairi, tunasita kukubali. Kwa kuwa jalada limeuchukua mzigo wa matukio, kila wimbo umebaki huru kuikazia hali moja tu. Wimbo wa mwisho, Loneliest Person, ni mfupi, wa sauti na gitaa. Hausimulii lolote, na upweke wa mzee yule unatufikia bila maelezo.

Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi asiliache fundisho hili. Kazi hii imezoea kusafiri katika kanda za kunakiliwa, na leo katika intaneti, bila jalada lake. Anayeihukumu kwa nakala hiyo amehukumu nusu ya matini. Kabla ya kusema kwamba kisa hakieleweki, na atafute kwanza kilipoandikwa.