John Gardner: Hukumu na Rehema katika Fasihi

John Gardner (1933–1982), mwandishi wa riwaya na mwalimu wa uandishi wa kubuni nchini Marekani, alidai katika *On Moral Fiction* (1978) kwamba sanaa ya kweli hujenga maisha, wala haiyabomoi. Kwa kipimo hicho aliwahukumu waandishi wengi wa wakati wake. Dai hilo lina uzito. Hukumu zake, hata hivyo, ni za haraka mno.

Hoja yake hutetewa vema zaidi na kazi zake mwenyewe. Katika *Grendel* (1971) alilipa zimwi la utenzi wa kale wa *Beowulf* nafasi ya kujisimulia, na msomaji hufundishwa bila kuhubiriwa. Hadithi fupi “Redemption” yaingia ndani zaidi. Mwaka 1945 Gardner, akiwa na miaka 11, aliendesha trekta shambani. Mdogo wake Gilbert akaanguka, akapondwa na mashine iliyokokotwa nyuma. Kijana wa hadithi hiyo ana hatia ya namna iyo hiyo. Hafarijiwi kwa hoja, bali kwa kazi ndefu ya kujifunza muziki.

Raymond Carver, aliyekuwa mwanafunzi wake huko Chico, California, alisimulia jinsi mwalimu huyo alivyozipitia hadithi zake neno kwa neno, akamwazima hata ufunguo wa ofisi apate mahali pa kuandikia. Hapo ndipo maadili aliyoyadai Gardner yaonekanapo: mhakiki alihukumu, lakini mwalimu alivumilia. Atakaye kuhakiki maandishi ya wenzake na amfuate huyo wa pili.