Jina moja, maana ngapi? Kuhusu sifa za ukuta ndani ya IFC

Bandugu, mimi ni mtu wa agronomia, si wa kujenga. Wakati wa memware yangu niliunganisha karatasi mbili za vipimo vya udongo. Zote zilikuwa na kolone "pH". Kumbe moja ilipimwa ndani ya maji, ingine ndani ya KCl, na ya KCl kwa kawaida inakuwa chini. Nilirudilia kazi ya wiki mbili.

Njo maana rafiki wa jeni sivili aliponionyesha IFC, niliangalia hapo kwanza. IFC ni lugha ya pamoja ya modeli za majengo (BIM). Inatunzwa na buildingSMART, na ni kiwango cha kimataifa ISO 16739. Sifa za ukuta ziko ndani ya fungu Pset_WallCommon. Kwa Python, maktaba ya bure IfcOpenShell inakuacha uulize maana zenyewe, hata bila kufungua jengo lolote: ndani ya ifcopenshell.util.pset unaita get_template("IFC4"), kisha get_by_name("Pset_WallCommon"), halafu unasoma Name na PrimaryMeasureType kwa kila sifa ya HasPropertyTemplates.

Kazi nzuri kweli. LoadBearing ni IfcBoolean: ukuta unabeba uzito ao haubebi. ThermalTransmittance iko na kipimo chake. Lakini FireRating, nguvu ya ukuta mbele ya moto, ni IfcLabel: maandishi tu. Maelezo yanasema ifuate mpango wa nchi. Mmoja ataandika "REI 120", mwingine "2h", mwingine "nzuri", na faili itapokea yote.

Wanaosema "tuko na kiwango, data iko safi" wanachanganya mambo mawili: kupatana juu ya jina na kupatana juu ya thamani. Mimi pH ilinikulia wiki mbili. Ukuta wa ngazi ya kukimbilia moto unaweza kukula watu.

Sikilaumu kiwango peke yake. Kila nchi iko na sheria zake za moto. Deni ni la wenye mradi. IDS ya buildingSMART, toleo 1.0 la 2024, inaruhusu kuorodhesha thamani zinazokubaliwa. Itumiwe.

Kabla ya kodi inayosoma modeli, andika kwanza ile inayosoma maana. Ukikuta IfcLabel, simama, uliza: nani aliandika, kwa kipimo gani? Ba jeni sivili, kama nimekosea, munisahihishe.